Hina Isiyo Hina: Historia Fupi ya Piko na Ngozi Inayokataa

Dada yangu aliolewa Jumamosi moja ya Agosti, hapa Gitega, akiwa amevaa glavu nyeupe zilizofika juu ya kiwiko. Wageni walidhani ni mtindo mpya. Ukweli ni kwamba chini ya glavu kulikuwa na bendeji, na chini ya bendeji maua aliyochorwa Alhamisi jioni yalikuwa yameumuka kama mkate. Kila jani na kila shina lilijaa malengelenge yaliyofuata mstari wa mchoro bila kukosea hata nukta. Pete haikuingia kidoleni. Bwana harusi aliishika mkononi mpaka dua ikaisha, kisha akaitia mfukoni.

Maelezo yalitolewa mengi usiku ule. Mama mdogo alisema ni kijicho. Shangazi alimlaumu msichana aliyechora, kwamba mikono yake haikuwa safi. Wifi mmoja kutoka Rubavu alisema hina ni sunna na sunna haidhuru mtu, kwa hiyo ugonjwa utakuwa umetoka kwenye chakula. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ndiye niliyetumwa dukani. Nilikuwa nimeagizwa hina, nikaambiwa hina inataka kulala nayo usiku kucha na muda haupo, nikarudi na kipakiti cha piko.

Ninasoma historia, si udaktari. Lakini swali lililonikaa kichwani baada ya harusi ni swali la historia: kile kipakiti kilitoka wapi, na kilipataje kuitwa hina? Insha hii ni jaribio la kulijibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ukurutu wa mguso ni uvimbe wa ngozi unaoletwa na kitu kilichoigusa, na una njia mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya kuunguza. Kitu chenyewe ni kikali, kinavunja mafuta na ukuta wa nje wa ngozi, na kikikaa vya kutosha kitamdhuru mtu yeyote. Mama zetu wanaofulia watu nguo wanaijua njia hii vizuri kuliko kitabu, kwani vidole vyao hupasuka kwa sabuni ya unga na maji yasiyokwisha. Daktari wa Italia Bernardino Ramazzini alikwisha kuandika juu ya mikono ya wafuaji iliyopasuliwa na magadi katika kitabu chake cha magonjwa ya wafanyakazi, kilichotoka mwaka 1700. Njia ya pili ni mzio, nayo haifuati ukali wa kitu. Inafuata kumbukumbu. Watu tisa wanaweza kupaka kitu kilekile wasione lolote, wa kumi akavimba. Na huyo wa kumi mara nyingi hakudhurika siku ya kwanza.

Hapa ndipo dada alipokataa kuamini. "Mbona nilipaka Idi mbili zilizopita na sikupata kitu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Jibu lilichukua karibu nusu karne kupatikana.

Mwaka 1895 daktari wa ngozi aitwaye Josef Jadassohn, aliyefanya kazi Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani na leo ni Wrocław ya Poland, aliwaeleza wenzake mkutanoni Graz jaribio moja lisilo na makuu. Wagonjwa waliokuwa wametibiwa kwa zebaki walipata ukurutu. Badala ya kubishana, alichukua kitu alichokishuku, akakibandika kwenye sehemu ndogo ya ngozi nzima, akasubiri. Ngozi ikavimba pale pale alipobandika. Kipimo hicho cha kubandika ndicho madaktari wa ngozi wanachokitumia mpaka leo, na kimebadilika kidogo kuliko mtu angedhani. Kabla yake mgonjwa aliulizwa amekula nini, amekosana na nani, damu yake ina uchafu gani. Jadassohn aliiuliza ngozi yenyewe.

Kilichobaki ni kujua kumbukumbu hiyo inakaa wapi. Karl Landsteiner, yuleyule aliyegundua makundi ya damu, alifanya kazi na John Jacobs huko New York miaka ya 1930 akitumia simbilisi, wanyama wadogo ambao jirani zetu wa Kongo huwafuga kwa nyama. Walionyesha kwamba kemikali ndogo sana, ndogo kiasi kwamba peke yake mwili haungeiona, hujishika na protini za ngozi, na muungano huo ndio mwili unaoutambua kama mgeni. Mwaka 1942 Landsteiner na Merrill Chase wakaenda hatua nyingine: walihamisha mzio kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine kwa kuhamisha chembe hai, jambo ambalo maji ya damu peke yake hayakuweza kulifanya. Kwa hiyo kumbukumbu imo ndani ya chembe. Mara ya kwanza chembe hizo hujifunza, na somo huchukua kama siku kumi au wiki mbili. Wakati huo rangi imeshafutika mkononi na mwenye mkono ameshasahau. Mara nyingine kitu kilekile kikirudi, hazihitaji kufundishwa tena. Siku moja, mbili au tatu zinatosha. Alhamisi jioni, Ijumaa usiku muwasho, Jumamosi asubuhi malengelenge. Ile Idi haikuwa ushahidi kwamba piko ni salama kwa dada yangu. Huenda ilikuwa ndiyo darasa lenyewe.

Sasa kipakiti. Hina ya kweli ni majani ya mhina, mti mdogo wa nchi za joto, yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake inatokana na losoni, kemikali inayojishika na tabaka la juu la ngozi taratibu. Mwanzo hutoa rangi ya chungwa, kesho yake hukolea kuelekea kahawia au wekundu wa matofali. Hina peke yake haitoi weusi wa wino hata ukiikesha. Mzio wa hina safi upo lakini ni nadra. (Watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni habari nyingine. Kwao hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na hilo bibi zetu waliokuwa wakiwapaka vichanga hawakuwa na namna ya kulijua.)

Piko iliyo kwenye kipakiti haina ukoo wowote na mti huo. Nasaba yake inapita kwenye lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya lami. Kwinini haikupatikana. Alipata rangi ya zambarau, na kutoka kwenye kosa hilo ikazaliwa biashara nzima ya rangi za viwandani. Mwalimu wake, Mjerumani August Wilhelm Hofmann, aliendelea kuzichunguza kemikali za jamii hiyo, na mwaka 1863 aliielezea moja iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kuanzia hapa nitaiita PPD. Yenyewe haina rangi ya kutisha. Ikikutana na hewa au na dawa ya kuioksidisha, hugeuka nyeusi. Mwaka 1883 kampuni ya Monnet ya Ufaransa ilipata hataza ya kuitumia kupaka rangi manyoya na nywele.

Nimekaa sana kwenye mwaka huo wa 1883 kwa sababu moja. Watu hudhani madhara ya kemikali hugunduliwa baadaye, baada ya kizazi kizima kuitumia kwa nia njema. Si hivyo hapa. Madhara yalifuata bidhaa karibu kisigino kwa kisigino. Mafundi wa manyoya wa Ujerumani, waliotumia PPD kwa jina la kibiashara Ursol, walipata ukurutu wa mikono na pumu ambayo madaktari waliiita kwa jina la bidhaa yenyewe, pumu ya Ursol. Lakini rangi ilikuwa nzuri mno. Inakolea haraka, haitoki kwa maji, na bei yake ni ndogo. Sifa hizohizo tatu ndizo alizonitajia muuza duka siku ile.

Kisa cha Marekani kinastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Mapema katika miaka ya 1930 iliuzwa huko rangi ya kope na nyusi iitwayo Lash Lure. Ilikuwa na PPD. Wanawake waliopakwa saluni walivimba macho, mwingine akapofuka, mwingine akafa. Serikali haikuwa na uwezo wa kuiondoa sokoni, maana sheria ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na dawa, na vipodozi havikuwamo. Maofisa wa idara ya chakula na dawa wakafanya walichoweza: walikusanya picha na chupa, wakatengeneza maonyesho ambayo waandishi wa habari waliyapa jina la Chumba cha Vitisho. Miongoni mwa picha hizo ilikuwamo ya mwanamke mmoja kabla na baada ya Lash Lure. Maonyesho hayo yalisaidia kuleta sheria mpya ya mwaka 1938, iliyovitia vipodozi chini ya serikali kwa mara ya kwanza.

Na hapo ndipo penye kichekesho kichungu. Sheria hiyohiyo ilizipa rangi za nywele zitokanazo na lami ya makaa msamaha wake maalumu. Zingeendelea kuuzwa hata kama zinadhuru, mradi kipakiti kiwe na onyo na maelekezo ya kujaribu kwanza kwenye ngozi. Kope na nyusi zikalindwa, kichwa kikaachiwa onyo. Onyo lile bado lipo. Nilirudi kwenye pipa la taka la nyumbani nikakiokota kipakiti chetu, nikasoma kwa kurunzi ya simu: ni rangi ya nywele, ijaribiwe kwanza saa 48 kabla, isitumike kwenye ngozi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mchanga. Mbele, kwa herufi kubwa, palikuwa na picha ya mkono wa bi harusi.

Umoja wa Ulaya leo hauruhusu PPD izidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaogusa nywele, na kwenye ngozi hauruhusu kabisa. Michoro myeusi wanayochorwa watalii ufukweni haina mpimaji. Watafiti waliopima mchoro mmoja wa namna hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2002 walikuta asilimia 15.7. Tofauti ya nywele na ngozi si ya kiasi tu. Nywele zimekufa na rangi huoshwa baada ya nusu saa. Ngozi ni hai, na mchoro huachwa ukauke juu yake.

Lakini ilifikaje kwetu ikiwa imevaa jina la hina? Mfano ulionisaidia kuelewa unatoka Morocco. Huko wanawake walitumia kwa karne nyingi vinundu vya mti wa jangwani, aina ya Tamarix, kukoleza nywele. Viliitwa takaut. Vilipoadimika, soko likaleta unga mweusi wa kiwandani uliofanya kazi hiyohiyo, nao ukauzwa kwa jina hilohilo, ila watu wakitofautisha takaut ya nyumbani na takaut ya Kirumi, yaani ya kigeni. Hiyo ya kigeni ni PPD. Sudan nako iliingia kwenye bakuli la hina ili kuikoleza na kufupisha muda. Mwaka 1983 madaktari wa Khartoum waliandika katika jarida la Lancet juu ya wagonjwa waliovimba koo na kushindwa figo kwa kemikali hiyo. Hali hiyo ni zaidi ya ukurutu, ni sumu ya mwili mzima. Ninaitaja ili ieleweke kwamba wanawake wa Sudan hawakuwa wajinga. Walinunua kitu kipya chini ya jina walilolirithi kwa mama zao, na jina lilikuwa na heshima ambayo kitu hakikuwa nayo.

Kwa Kigali nimepata ushahidi wa mdomo tu, tena wa nyumba moja, na niliofundishwa darasani unanionya nisiutie chumvi. Waswahili wa mji huu walianza kuja na Wajerumani, wakiwa askari, makarani na wafanyabiashara, baada ya Richard Kandt kuanzisha makao yake hapa mwaka 1907. Wabelgiji wakawatenga Biryogo, mahali palipoitwa Kambi ya Waswahili. Bibi yangu alizaliwa huko. Anasema alipoolewa, hina ililetwa kwenye kitambaa na jamaa waliotoka Ujiji, yakiwa majani makavu. Walitwanga nyumbani, wakachanganya na ndimu na maji ya chai, wakampaka viganja na nyayo, wakamfunga vitambaa akalala hivyo huku akilishwa kama mtoto. "Hatukuchora maua," anasema. "Tulipaka." Kazi ilichukua usiku mzima, na usiku huo ndio somo alimokaa na mwari akamweleza mambo ya ndoa. Nilipomuuliza piko ilianza lini, hakutaja mwaka. Alisema, "Baada ya vita, watu waliporudi." Waliorudi walitoka Tanzania, Uganda, Kenya, Kongo na Burundi, kila mmoja na mitindo ya harusi aliyoiona huko. Inaingia akilini, ingawa sitaapa.

Kitu kimoja katika maneno yake hakikuwa nimekitarajia. Kwa bibi, haraka ndiyo iliyoleta madhara. Hajui PPD, ila anajua kwamba hina ilikuwa na usiku wake na piko haina. Hapa sikubaliani naye kabisa, kwa sababu PPD ingemdhuru dada hata ingelazwa kwa dua na nyimbo. Lakini historia ya bidhaa inampa bibi nusu ya haki. Tangu viwanda vya manyoya mpaka bakuli la Khartoum, kilichouzwa hasa ni muda.

Msomaji atauliza mamlaka yalikuwa wapi. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 mji wetu ulishuhudia msako wa mkorogo. Rais alikuwa ameukemea hadharani kwenye mtandao, na polisi wakapita madukani wakikusanya krimu zenye hidrokwinoni na zebaki. Nilikuwa bado sekondari na nakumbuka maboksi yakipakiwa kwenye gari. Ilikuwa kazi njema. Zebaki ileile ambayo Jadassohn aliibandika kwenye ngozi ilikuwa imewaharibu figo wanawake wa Nairobi kupitia krimu za kung'arisha, kama madaktari wa huko walivyoandika mwaka 1972. Lakini siku ile mtaani kwetu sikusikia mtu akitaja piko. Mkorogo unabadilisha rangi ya mtu, kwa hiyo unagusa siasa na fahari. Piko inapamba bi harusi, nani ataikamata?

Dada alitibiwa kwa krimu ya steroidi, na malengelenge yakakauka baada ya wiki mbili. Maua yalibaki mikononi kwa miezi, meupe kuliko ngozi yake, kama hasi ya picha za zamani. Daktari wa ngozi alimpima kwa vibandiko mgongoni, akamwandikia kadi. Juu imeandikwa PPD, na chini yake orodha ambayo hatukuitarajia: baadhi ya rangi za nguo, dawa fulani za ganzi, baadhi ya mipira myeusi. Kemikali hizo zinafanana kwa umbo, na chembe zilizojifunza moja huweza kuzikosea nyingine. Rangi ya nywele asitumie tena maishani. Ana miaka 26. Kadi anaiweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.

Mwezi uliopita binamu yetu naye alianza kujiandaa kwa harusi, na nikatumwa tena. Safari hii nilikwenda na kadi ya dada. Muuza duka aliitazama pande zote mbili, akanirudishia, akashusha kipakiti kutoka rafu ileile.

"Hii haina hayo," alisema. "Hii ni hina."

Nilikigeuza. Mkono wa bi harusi ulikuwa mbele, mweusi ti.